Kichupa Kitupu

Asubuhi niliweka mia.
Adhuhuri, sitini na moja.
Sikumwaga. Sikupiga chafya. Mkono huu
umeshika pipeti miaka kumi na minne
na haujatetemeka ila siku ya mtihani wa gari.

Daktari Ghaniya akatazama karatasi, kisha mimi,
kisha karatasi.
"Ziyana, rudia."
Nikarudia. Hamsini na nane.

Nje, Nizwa ilikuwa nyuzi arobaini na sita,
barabara ya Firq inametameta kama imemwagiwa maji.
Ndani, viyoyozi vinanguruma,
na kingamwili za ngamia wa Haima,
kidogo mno, tone ndani ya tone,
dawa ya kesho ya mchunga mbuzi
atakayemkanyaga kipiri penye mawe,
zinapotea mikononi mwangu
kama sukari kwenye nyumba yenye watoto.

Nilishuku friji. Nilishuku mizani.
Mungu anisamehe, nilimshuku hata Sreeja,
aliyekuja kutoka Kerala na kalamu zake za kijani
na hasemi mpaka aulizwe.

Ndiye aliyevirudia vichupa kwenye ndoo ya taka,
vile nilivyovimimina hadi vikalia,
akavisuuza kwa sabuni, kimoja kimoja,
akayapeleka maji ya suuza kwenye mashine.
Thelathini na tano zikajitokeza
kutoka kwenye kitu kitupu.

Basi hazikuibwa.
Zilikuwa zimeganda.

Plastiki haipendi maji.
Protini nayo, kwa heshima zake zote,
imekunjwa kama nguo ya Idi sandukuni,
na mikunjoni ina mabaka yasiyopenda maji.
Wakikutana wawili wenye chuki moja
urafiki wao huwa ulimbo:
ndege hutua mara moja tu.

"Tutie sabuni tangu mwanzo," nikasema.
Sabuni ingeharibu kipimo cha tatu.
Tukajaribu kioo. Kioo nacho kina ulimbo wake.

Jumatano akaleta mkebe wa unga mweupe, argini,
asidi amino, chembe
ambayo protini yenyewe imejengwa nayo:
tofali limeletwa kuzungumza na nyumba.
Nikapima, nikayeyusha, nikasawazisha uchachu
nikishikilia pumzi bila sababu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone,
mama husema kengele ya mlango ikilia.
Mgeni huyu ni wa damu.
Hafungi, hafichi. Anakaa tu
karibu na yale mabaka, yeye na wenzake maelfu,
kama mashangazi waliomzunguka bibi harusi
hata ukuta usipate pa kumshika.

Tisini na sita.
Nikarudia bila kuambiwa. Tisini na saba.
Sreeja akaandika kwa kijani. Hakutabasamu;
alinisogezea karanga zake.

Jioni nilimsimulia mama, jikoni,
yeye aliyezaliwa Wete akaletwa huku na miaka tisa.
Alisikiliza kama anavyosikiliza habari za hali ya hewa.
"Hata mimi walinisuuza," akasema.
"Shule nzima. Mwalimu akinisikia nimesema 'maji'
ananisimamisha mlangoni juani.
Miaka mitano. Haikutoka."
Akacheka mpaka akashika kaunta.

Sikujua nimjibu nini.
Kutwa nzima nilikuwa nimepigana na kuganda.

Mfukoni nilikuta kichupa kimoja, nimekisahau.
Nikakiinua kwenye taa.
"Kitupu?" akauliza.
"Kwa macho," nikasema,
naye akarudi kwenye trei ya mayai
akihesabu kwa kidole,
polepole, kwa ile lugha yake ya kuhesabia:
moja, mbili, tatu,
hili limepasuka,
nne.